Siku moja ya boti kwenye mifereji ya Ujerumani: panga kwa malango, si kwa kilomita

Swali: Msomaji anayeishi Hamburg anatuandikia kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka 71, atakuja kumtembelea kutoka Tanga mwezi wa saba. Angependa kumpeleka siku moja kwenye mifereji, pamoja na mume wake na watoto wao wawili wa miaka 9 na 13, kwenye boti watakayoiendesha wenyewe. Ameona picha ya meli inayopita juu ya daraja, chini yake mto, na anauliza kama hapo ndipo pa kwenda. Anauliza pia kama wanahitaji leseni, siku yenyewe huendaje tangu asubuhi hadi jioni, na kama safari hiyo inamfaa mama ambaye magoti yake hayamsaidii kwenye ngazi. Mume wake, anaongeza, anataka wavuke Ziwa Müritz.

Jibu: Dada yangu, leseni isikusumbue. Tangu mwaka 2012 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu aliyetimiza miaka 16 kuendesha boti ya starehe yenye injini isiyozidi nguvu ya farasi 15 bila leseni yoyote, kwenye sehemu kubwa ya njia za maji za ndani ya nchi. Mto Rhine umewekewa kikomo kikali zaidi, farasi 5 tu, na Ziwa Bodensee lina kanuni zake, lakini huko si njia yenu. Zile boti kubwa zenye vitanda na jiko, ambazo Wajerumani huziita Hausboot, zina utaratibu wake: kampuni inayokodisha humfundisha nahodha kwa muda wa saa tatu hivi, kwa maneno na kwa vitendo, kisha humpa cheti kiitwacho Charterbescheinigung, ambacho kinamruhusu kuendesha boti isiyozidi urefu wa mita 15, yenye watu wasiozidi 12 na kasi isiyozidi kilomita 12 kwa saa, kwenye njia zilizotajwa tu na kwa muda wa kukodi tu. Utaratibu huo ni mzuri kwa wiki nzima. Kwa siku moja ni mzigo wa bure, kwa sababu nusu ya siku itaishia kwenye mafunzo, na kampuni nyingi hazikodishi boti za namna hiyo kwa siku moja.

Mnachohitaji ni boti ndogo yenye injini ya farasi 15 au chini yake, na kwa ajili ya mama ningechagua ile ya mtindo wa chelezo, yaani sakafu bapa iliyokaa juu ya maboya mawili, yenye paa, benchi na uzio pande zote. Haina mbio wala haina umbo la kujivunia kwenye picha, lakini sakafu yake hukaa karibu usawa mmoja na gati, na mtu mwenye magoti mabovu huingia kwa hatua moja badala ya kushuka ngazi. Unapopiga simu kuweka nafasi, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza, kabla ya bei.

Picha uliyoiona bila shaka ni ya Magdeburg. Hapo Mfereji wa Mittelland, wenye urefu wa kilomita 325 na ambao ndio mrefu kuliko yote iliyochimbwa Ujerumani, unavuka Mto Elbe ndani ya daraja la chuma lenye urefu wa mita 918. Kazi ya kivuko hicho ilisimama mwaka 1942 kwa sababu ya vita, nchi ikagawanyika, na daraja halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Ni ajabu ya kweli ya uhandisi, nami simzuii mtu kwenda kuitazama. Meli za abiria hupeleka watalii huko, na mama anaweza kukaa kitini akanywa chai huku mto ukipita chini yake. Lakini mfereji wenyewe ulichimbwa kwa ajili ya mizigo. Umenyooka, kingo zake zimepangwa mawe, na wenyeji wake ni meli za kubeba makaa, nafaka na kontena, nyingine zikiwa na urefu wa zaidi ya mita 100, ambazo haziwezi kusimama wala kukukwepa. Ukiwa na boti ya farasi 15 na watoto wawili, hapo utakuwa mgeni asiye na raha.

Ujerumani ina njia za maji za ndani zenye urefu wa kilomita 7,300 hivi, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ipo. Kwa siku ya taratibu kama mnayoitaka, ningewapeleka mashariki, kwenye nchi ya maziwa ya Mecklenburg, ambako mwendo wa gari kutoka Hamburg ni zaidi ya saa mbili. Huko maziwa yamefuatana moja baada ya jingine, mengine makubwa, mengine yenye upana wa kutupa jiwe, na katikati yao watu walichimba mifereji mifupi ya kuyaunganisha. Njia ya Müritz-Havel, iliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1830, ina urefu wa kilomita 32 hivi na malango manne tu, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti: Mirow, Diemitz, Canow na Strasen. Ninyi mnahitaji kipande chake kimoja, kutoka mji mdogo wa Mirow kwenda kusini hadi Ziwa Labus, na kurudi. Kwenda na kurudi hakuzidi kilomita 25, na njiani kuna lango moja tu, la Diemitz, ambalo mtalipita mara mbili.

Najua mtu akitazama ramani atasema kilomita 25 ni kidogo, na mume wako huenda akasema hivyo. Hapa ndipo wageni wengi wanapojiharibia siku. Kwenye mifereji myembamba kasi inayoruhusiwa huwa kilomita 6 au 9 kwa saa, kutegemea kibao kilichosimamishwa ukingoni, na kibao hicho hakijawekwa kwa mapambo: mawimbi ya boti yenye haraka hubomoa udongo wa kingo, huvunja matete na kufurusha viota vya ndege. Lakini hata kasi hiyo si kipimo halisi cha siku. Kipimo ni lango. Kupita lango lenyewe huchukua kama robo saa, pengine dakika 20. Kungojea zamu, siku ya Jumamosi ya mwezi wa saba, kunaweza kuchukua saa moja au zaidi, na Diemitz inajulikana kwa foleni hiyo. Aliyepanga malango matatu kwenda na matatu kurudi atatumia siku yake akitazama mgongo wa boti ya mbele yake na kuulizana na wenzake kama watawahi kurudisha boti kabla ya kufungwa. Kwa hiyo panga lango moja, na kama mnaweza kuja siku ya Jumanne au Jumatano, fanyeni hivyo.

Siku yenyewe ingeanza Mirow saa tatu asubuhi. Kabla ya kupokea boti, au baada ya kuirudisha, nendeni kwenye kisiwa cha kasri, ambacho kinafikika kwa miguu. Hapo Mirow alizaliwa mwaka 1744 binti wa watawala wa Mecklenburg-Strelitz aitwaye Sophie Charlotte, ambaye mwaka 1761 aliolewa na Mfalme George III akawa malkia wa Uingereza. Kisiwa kidogo kilicho jirani, kinachounganishwa kwa daraja la miguu, ndipo alipozikwa Adolf Friedrich VI, mtawala wa mwisho wa ukoo huo, aliyefariki mwaka 1918. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuona historia hiyo inachosha, lakini bustani ni tambarare, ina viti, na mama atatembea bila shida.

Makabidhiano ya boti yasiharakishwe. Mwenye boti atawaonyesha namna ya kuwasha injini, kurudi nyuma, kutia nanga na kufunga kamba, naye ataongea upesi kwa sababu ameyasema hayo maneno tangu majira yaanze. Mwombeni arudie. Mwambieni akuacheni mzunguke mbele ya gati lake, kila mtu mzima achukue usukani, mjaribu kusimamisha boti penye nguzo moja. Boti haina breki. Inasimama kwa kurudisha injini nyuma, na ikirudi nyuma usukani wake hautii kama unavyotii ikienda mbele. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, na lifungwe hapo gatini, si baadaye. Anayeshika usukani asinywe pombe. Kikomo cha sheria cha pombe kwenye damu ni kilekile cha 0.5 kwa elfu kinachojulikana na madereva wa magari, nami ningesema kwa siku hiyo kiwe sifuri.

Mkiondoka saa nne, mtaliacha Ziwa Mirow na kuingia kwenye mfereji, kisha maziwa ya Zotzen na Vilz yatafuata. Mtu aliyekulia mwambao, kama mama, ataona kwanza kitu kisichokuwepo: maji hayapwi wala hayajai, hayana chumvi, na ndani ya mfereji hata upepo hupotea kwa sababu miti imesimama pande zote mbili. Mayungiyungi yametanda kwenye ghuba ndogo, korongo wamesimama kwenye kina kifupi, na mkibahatika mtamwona tai mla-samaki akijitupa majini. Kaeni upande wa kulia wa njia, piteni mbali na matete, na mnapokaribia mvuvi, mtumbwi wa kasia au boti iliyofungwa gatini, punguzeni mwendo mapema. Kupunguza ukiwa tayari umefika hakusaidii, kwa kuwa wimbi lako linakufuata nyuma na ndilo litakalowafikia.

Sasa lango la Diemitz, ambalo nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu, na ndilo watoto watakalolisimulia shuleni. Lango ni chumba kirefu cha maji kilichojengwa kati ya ziwa la juu na la chini, chenye milango mbele na nyuma. Boti zikiingia, milango ya nyuma hufungwa, maji hutolewa au huingizwa kwa mabomba bila pampu yoyote, kwa uzito wake tu, hadi yalingane na upande mnaokwenda. Kisha milango ya mbele hufunguliwa. Ninyi mkienda kusini mtashuka, mkirudi mtapanda. Malango mengine ya eneo hili yana mhudumu, mengine huendeshwa na wasafiri wenyewe kwa mpini ulio kwenye nguzo, na mpini au kitufe chekundu ni cha dharura tu, watoto waonywe mapema.

Kabla ya lango kuna gati la kungojea. Fungeni boti hapo, kwa mpangilio wa kuwasili, na mtazame taa. Nyekundu ni marufuku kuingia. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, maana yake lango halifanyi kazi kabisa. Kijani ikiwaka, boti zilizotangulia huingia kwanza. Meli za abiria na za mizigo hupewa nafasi mbele ya boti za starehe, hata kama zimefika baadaye, na hakuna wa kumlaumu. Kwa kupita hapo hamtatozwa ada.

Ingieni polepole kabisa, mapira ya kukingia ubavu yakiwa yameshushwa pande zote mbili. Mtu mmoja mbele na mmoja nyuma wapitishe kamba zao kwenye nguzo au ngazi ya ukutani na waishike mkononi, wakiilegeza kadiri maji yanavyoshuka. Kamba isifungwe kamwe. Boti iliyofungwa wakati maji yanashuka hubaki ikining'inia ubavuni mwa ukuta, na hiyo ndiyo ajali ya kawaida ya wageni. Mkishuka, kaeni mbele kidogo ndani ya chumba, kwa maana karibu na milango ya nyuma kuna kizingiti cha zege ambacho huonekana tu maji yakipungua, nacho kimewekewa alama ukutani. Nyuma ya boti ikikikalia, itainama. Zimeni injini. Hakuna anayetumia mkono au mguu kuzuia boti isigonge ukuta: pira lipo kwa kazi hiyo, na likishindwa, mkwaruzo kwenye boti ni nafuu kuliko kidole. Mama akae benchi la katikati, asishike chochote ila kikombe chake. Kijana wa miaka 13 anaweza kupewa kamba ya mbele, baba akiwa karibu. Wa miaka 9 apewe kazi ya kutangaza rangi ya taa.

Baada ya lango mtaingia Ziwa Labus, na hapo safari ya kwenda iishe. Huenda ikawa saa saba mchana. Tieni nanga nje ya njia iliyowekewa maboya na mbali na matete, hakikisheni kwa kutazama mti ufukweni kwamba boti haisogei, kisha mzime kila kitu. Ndipo mtakapoelewa kwa nini watu hulipa pesa kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa. Watoto wataogelea, maji ya maziwa haya ni safi, ingawa kwa mtu wa Tanga yatakuwa baridi hata mwezi wa saba, na injini isiwashwe hadi kila mtu awe amerudi ndani na kuhesabiwa.

Kuhusu chakula, Mirow na vijiji vingi vya njia hii vina wavuvi wanaouza samaki waliokaushwa kwa moshi siku hiyohiyo. Nunueni asubuhi kabla ya kuondoka. Ulizeni Maräne, samaki mdogo wa maji baridi mwenye nyama laini, ambaye ndiye fahari ya maziwa haya. Mama akimla kwa mkate mweusi wa Wajerumani hataridhika. Mchukulieni limau, pilipili na wali wenu wa nyumbani. Kwa familia inayochunga chakula halali, samaki huondoa maswali yote ya soseji za kando ya maji. Kuhusu sala, kumbukeni kwamba kwenye latitudo hiyo jua la mwanzo wa mwezi wa saba halitui hadi baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo Adhuhuri itaingia mkiwa safarini na Alasiri karibu na mwisho wa safari au baada yake, na gati la kungojea pale langoni ni mahali tulivu kuliko boti inayoyumba.

Saa nane na nusu ng'oeni nanga. Kurudi kutapitia lango lilelile, safari hii mkipanda, na maji yanayoingia huichezesha boti zaidi kuliko yanayotoka, kwa hiyo kamba ishikwe kwa mvutano na ifupishwe hatua kwa hatua. Foleni ikiwa fupi mtafika Mirow saa kumi na moja; ikiwa ndefu, bado mna nafasi. Mkiona mnachelewa, mpigieni mwenye boti mapema. Msiongeze mwendo kwenye mfereji ili kufidia muda, kwani polisi wa majini hufanya doria na hupima kasi.

Namjia sasa mumeo na Müritz yake. Ni ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 117 hivi, kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Ujerumani peke yake, na uzuri wake haupingiki, hasa upande wa mashariki ambako tangu mwaka 1990 kuna hifadhi ya taifa. Lakini upande huo una kina kifupi na boti za injini hazikaribishwi. Njia imewekewa maboya upande mwingine, na ziwa zima liko wazi kwa upepo wa magharibi. Mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, huja upesi, na boti bapa huyapokea vibaya. Kampuni za kukodisha huzuia boti zao kuvuka upepo ukifika nguvu 4 za kipimo cha Beaufort, na wengi hawaziruhusu boti za siku moja kwenda huko kabisa. Isitoshe, kutoka Mirow mngelazimika kupita lango jingine na mfereji mrefu kabla hata ya kuliona. Mwambie aje siku nyingine kwa Hausboot na wiki nzima.

Karibu zaidi na Hamburg upo Mfereji wa Elbe-Lübeck, uliofunguliwa mwaka 1900, wenye malango saba kati ya Lauenburg na Lübeck. Unafuata sehemu ya njia ya mfereji wa Stecknitz, ambao ulikamilika mwaka 1398 ili chumvi ya Lüneburg ifike Lübeck kwa majahazi, na Lauenburg bado wanalo lango la zamani la njia hiyo. Kwa mpenda historia ni safari nzuri, na inawaokolea mwendo wa gari. Siuweki mbele ya Mirow kwa sababu hauna maziwa ya kutia nanga na kuogelea, na meli za mizigo bado huutumia.

Linabaki swali la mama. Magoti hayatamzuia ikiwa boti ni bapa na mmeuliza mapema kuhusu gati na choo, kwa maana boti nyingi za siku moja hazina choo, au zina cha dharura nyuma ya pazia. Kinachoweza kumzuia ni kutopenda kuwa juu ya maji na mkwe wake kwenye usukani kwa mara ya kwanza, na hilo usimshawishi. Akisita, mpelekeni Spreewald, kusini mashariki mwa Berlin, ambako Mto Spree umegawanyika kuwa vijito vingi vyembamba. Huko mwenyeji husimama nyuma ya boti ya mbao na kuisukuma kwa upondo, bila injini, abiria wakiwa wamekaa kwenye viti vyenye meza, na katika kijiji cha Lehde barua bado husambazwa kwa boti wakati wa kiangazi. Safari ya saa mbili kutoka bandari ya Lübbenau inamtosha, na chombo chenyewe, tofauti na vyote nilivyovitaja hapo juu, ataelewa namna kinavyoendeshwa kabla hakijaondoka gatini.